Ziwa Lililonijibu kwa Vina

Wasee, mimi nimewahi kujibiwa na ziwa.

Si mwangwi. Mwangwi naujua, hukurudishia maneno yako mwenyewe ukiwa umeshayachoka. Hili lilinijibu kwa maneno yake. Ubeti mzima, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa kama meno ya ng'ombe.

Na lilinitukana.

Kwanza mnijue. Naitwa Frankline Onyango, mzaliwa wa Migori mjini. Mwaka huo wa tisini na sita nilikuwa kijana wa kinu cha kusaga unga, nyusi nyeupe mchana kutwa kama mzee wa kanisa. Lakini ungeniuliza kazi yangu ningekujibu bila kupepesa jicho: mshairi.

Nani alinifundisha? Hakuna.

Siku hizo sukari na mandazi vilifungwa kwa magazeti ya zamani. Mengine yalivuka mpaka kutoka Tanzania, na hayo yalikuwa na kurasa nzima za mashairi. Nikinunua sukari robo, nasoma karatasi kabla sijakoroga chai.

Shida ni moja. Mwenye duka hachani gazeti kwa kufuata beti. Unapata mistari miwili, miwili mingine imeenda na sukari ya jirani.

Basi nikawa namalizia mwenyewe. Kinu kinanguruma, mimi nahesabu mizani kwa vidole, unga unaniingia puani. Shule yangu ilikuwa nusu beti. Nusu nyingine nilijifundisha.

Nikajipa na jina la kishairi: Nyundo wa Migori. Mtu akinigusa, namgonga kwa ubeti. Nilimgonga kondakta, nikamgonga askari wa kanjo la mji, nikamgonga mpaka mhubiri wa sokoni. Kichwa changu kilikuwa kikubwa, omera, hata kofia zilinikataa.

Halafu nikakutana na Linet.

Alikuwa amekuja mjini kujifunza cherehani. Kwao ni Gwassi, kule milimani juu ya Magunga, ambako ukisimama asubuhi unaona Ziwa Victoria lote limelala chini yako. Msichana mpole wa sauti, mkali wa jicho. Nikampenda mpaka unga ukaanza kutoka na chenga kinuni.

Siku moja akanisimulia kuwa juu ya mlima wao, katikati ya msitu mzee usioguswa na shoka, kuna kiziwa kidogo. Wao hukiita Nam Matin, ziwa dogo. Usilitafute kwenye ramani.

Mimi huyo, mbio kwa kalamu. Nikatunga shairi la beti kumi kuhusu Nam Matin. Nikaweka bata maji weupe. Nikaweka mawaridi. Nikaweka mchanga unaong'aa kama dhahabu.

Linet alisoma mpaka mwisho, akalikunja taratibu.

"Frankline, umewahi kufika huko?"

"Mshairi hahitaji kufika."

"Hakuna bata. Hakuna waridi hata moja. Kuna matope na matete." Akacheka. "Mama angekusikia angekuuliza hayo mawaridi ulinunua kwa nani."

Iliniuma, bana. Bora angenipiga kofi.

Na iliniuma zaidi kwa sababu wiki mbili baadaye ndiyo nilikuwa nikitarajiwa kwao, siku ya kwanza ya kujitambulisha. Babake Linet alikuwa amefariki. Msemaji wa nyumba alikuwa baba yake mdogo, Mzee Wangwe, lakini kila mtu alijua neno la mwisho ni la mama. Mama mtu alikulia Musoma, akaolewa Gwassi, na akikataa jambo amekataa.

Tena kulikuwa na jamaa mwingine, Stanley, karani wa pamba mwenye pikipiki. Huyo alikuwa ameshafika kule, akanywa soda, akasifiwa viatu.

"Mama amesema atawasikiliza wote, kila mtu mara moja tu," Linet aliniambia. "Hakuna kurudia."

Mara moja tu. Nikaapa: nitakwenda na shairi jipya la Nam Matin, shairi la kweli, la macho yangu. Nitaupanda huo mlima kwanza, ndipo niteremke kwa mama mkwe nikiwa na ushahidi.

Nikamchukua rafiki yangu Mwikwabe awe msemaji wangu.

Mwikwabe ni Mkuria, mchimba dhahabu wa Osiri, mabega kama mlango wa kanisa. Kasoro yake ni kwamba hawezi kupita jiwe bila kuliinua kuangalia kama linang'aa.

Tulipanda lori la samaki lililokuwa linarudi tupu Sindo. Tukashuka tunanuka fulu, tukatembea mpaka Magunga, tukalala kwenye hoteli ya mama mmoja aitwaye Phelesia, mcheshi, mwenye mikono ya kukanda chapati.

Asubuhi, giza halijaisha vizuri, Phelesia akatumiminia chai.

"Mnapanda Nam Matin na huu ukungu? Mna akili?"

"Mimi ninayo," Mwikwabe akasema. "Huyu ana shairi."

Phelesia akanitazama kuanzia akala za miguuni hadi tai niliyokuwa nimeshaivaa. Ndiyo, tai. Suruali ya ukweni ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni kichwani, lakini tai nilisema nitaivaa ili izoee shingo.

"Sikilizeni, wanangu," akasema. "Kule juu kuna sheria. Ukungu ukiwa mzito huonani na aliye ng'ambo ya maji. Kunaweza kuwa na mama anaoga, kunaweza kuwa na nyati anakunywa. Kwa hiyo kabla hujakaribia, simama, paza sauti, jitaje. Jina lako, la baba yako, na kilichokuleta. Halafu ngoja. Kama kuna mtu atakujibu, na atakwambia upite wapi."

"Na nyati naye hujibu?" Mwikwabe akauliza.

"Nyati hujibu kwa pembe. Jitaje, kijana. Jina lako la kweli, si jina la mchezo."

Alisema hivyo. Neno liliingia sikio hili, likatokea lile.

Tukapanda.

Jamani, sijui niwaeleze vipi ule msitu. Kule chini kuna mihogo na mtama, mbuzi wanalia, redio inaimba. Unavuka kijito kimoja tu, na ghafla dunia inanyamaza.

Miti iliyokuwepo kabla ya babu wa babu yako kuota meno. Mwikwabe aliukumbatia mkuyu mmoja, mimi nikaukumbatia upande wa pili, vidole vyetu havikukutana. Tukabaki pale kila mtu na gome lake, tukiitana kama watu walio nyumba tofauti.

"Franki! Uko?"

"Niko! Wewe?"

"Niko! Huku kuna siafu!"

Akatoka mbio anajipiga mapaja. Nikacheka mpaka mfuko wenye suruali ukaniponyoka kutoka kichwani.

Mizizi ilikuwa imeinuka kama kuta za boma. Kuvu za rangi ya machungwa. Mizabibu ya mwitu imening'inia minene kama mkono. Maji yalidondoka kutoka juu ingawa mvua haikuwepo. Ni majani tu yalikuwa yanajikamua ukungu. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unameza nyayo bila sauti.

Nyani walikaa kwenye tawi moja refu wakatutazama bila kusema neno, kama wazee wa baraza. Mmoja akajikuna akitazama tai yangu.

"Huyo anaulizia bei," Mwikwabe akasema.

Kuna mahali nilishika mmea ili nijivute juu, kumbe ni upupu. Nikawashwa mpaka kwapani. Mwikwabe akaniambia nijipake matope, nikajipaka. Mshairi wa Migori, tai shingoni, matope hadi kiwiko. Lakini moyo wangu ulikuwa juu, wasee. Kila hatua ilinipa mstari. Nilikuwa nimeshampiku Stanley kichwani mwangu. Pikipiki haipandi hapa!

Kisha miti ikaachana, mteremko ukalala, na hewa ikawa baridi.

Tulikuwa tumefika. Tulijua kwa harufu ya matete na kwa sauti ya chura mmoja. Kwa macho hatukuona kitu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji kama kifuniko cha sufuria. Ukinyoosha mkono, kidole cha kati kinapotea.

"Haya," Mwikwabe akanong'ona. "Jitaje, twende nyumbani."

Sasa, kwetu sisi Wajaluo kuna kitu kinaitwa pakruok. Nyatiti, kinubi chetu, ikilia, mtu husimama akajisifu mbele ya umati, kwa mafumbo, kwa majina ya kujipa. Mtu akishajisifu vizuri, watu hupiga vigelegele. Mimi niliambiwa nijitaje. Nikasikia pakruok.

Nikarekebisha tai. Nikajaza kifua.

*Hodi uliye ziwani, Nyundo wa Migori naja,*
*Nimepita msituni, nyani wote wakangoja,*
*Mama mkwe leo ndani, ntamshinda kwa hoja,*
*Hata ng'ombe wa zizini, hatamtaka mmoja!*

Sauti ikaenda juu ya maji, ikapotea. Chura akanyamaza.

"Umemaliza?" Mwikwabe akauliza. "Jina la baba yako liko wapi?"

Kabla sijamjibu, ziwa likajibu.

Sauti nzito kidogo, tulivu, haina haraka. Haikutoka kushoto wala kulia. Ilitoka ukunguni.

*Karibu Nyundo kelele, isojua msumari,*
*Umewika mbele mbele, jogoo huna habari,*
*Mama mkwe si kengele, ugonge kwa ushairi,*
*Shuka chini pole pole, ng'ombe kwanza, ndipo heri.*

Nywele zote zilinisimama, hata za mguuni.

Mwikwabe alikuwa ameshageuka nyuma. Nilimshika mkanda. "Unakwenda wapi?"

"Osiri."

"Mwikwabe, ni mtu tu!"

"Mtu gani anakujibu kwa vina saa hii, juu ya mlima, ndani ya wingu? Omera, hicho ni kitu cha maji. Twende."

Mtu mwenye akili angeshuka. Lakini hasira ilinipanda haraka kuliko hofu. Isojua msumari? Mimi? Nyundo wa Migori niitwe kelele, tena na kiumbe kisicho na uso?

Damu ilichemka. Ubeti ulikuja wenyewe.

*Wewe sauti ya wingu, ni jini ama ni mtu?*
*Sauti ina ukungu, meno mawili matatu!*
*Rudi kachemshe chungu, uji usio na kitu,*
*Vita vya kalamu yangu, haviwezi kila mtu!*

Nikamgeukia Mwikwabe nikitabasamu, nikampa jicho la umeona?

Ndipo kikaja kicheko. Kifupi, cha ndani ya kifua, cha mtu aliyepata kitu alichokuwa hajakipata kwa miaka mingi. Na baada ya kicheko:

*Meno yangu ni kamili, nitatafuna jogoo,*
*Uji huo nakubali, nitakupikia leo,*
*Teremka kwa akili, usije shuka kwa mbio,*
*Nyundo ikipigwa kweli, hubaki tu na kilio.*

Wasee, tulishuka kwa mbio.

Sitaki kusema uongo. Msitu tuliopanda kwa utulivu tuliuteremka kama mawe. Ule mkuyu tuliupita bila salamu. Nyani walipiga kelele za kushangilia. Mwikwabe, pamoja na gamubuti zake za mgodini, alinitangulia. Mahali pa utelezi niliketi bila kupenda, nikaendelea na safari vivyo hivyo mpaka kwenye kijito.

Tuliogea hapo, tukabadilisha nguo. Suruali ya ukweni ilikuwa salama. Tai ilikuwa imepotea. Naamini kuna nyani kule ameoa nayo.

"Kuhusu lile jambo," Mwikwabe akasema akifunga vifungo, "tusilitaje ukweni."

"Kabisa."

"Wataona tumekuja na mkosi."

Na shairi langu la macho? Hakukuwa na shairi. Nilikuwa nimepanda mlima mzima nikashuka bila kuliona tone moja la lile ziwa.

Jua lilipoanza kuinama tulibisha hodi.

Boma safi, nyumba ya bati, jiko la nyasi kando yake likifuka moshi. Mzee Wangwe alitukaribisha, mtu mwembamba mwenye kikohozi cha heshima. Linet alitusalimia akitazama chini kama mtu asiyenijua, ila kona ya mdomo ilicheza. Mama hakuonekana. Siku ya kwanza kwao mama hubaki jikoni. Husikia kila kitu kupitia ukuta wa matete, nawe huoni hata kivuli chake.

Tukakaa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma. Mwikwabe alianza maneno vizuri sana. Akasema tumetoka mbali, tumesikia katika boma hili kuna jiko linalowaka vizuri, nasi tumekuja kuomba kaa la moto. Mzee Wangwe akatikisa kichwa, akaridhika.

"Chakula kwanza," akasema. "Mama yao alipanda mlimani mwenyewe alfajiri kuwatafutia uyoga. Uyoga wa msitu haupatikani sokoni, wageni wangu."

Sikushtuka bado. Akili yangu ilikuwa imechoka.

Linet akaingia. Akaweka mbele ya Mwikwabe ugali wa mtama, uyoga kwa karanga, na kuku aliyekaangwa akanyamaza. Akaweka vile vile mbele ya Mzee Wangwe.

Mbele yangu akaweka kibuyu.

Nikachungulia. Uji. Mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Hauna sukari, hauna maziwa, hauna hata ndimu. Niliona uso wangu ndani yake.

Linet alikuwa amepiga magoti, midomo ameibana kwa meno ili asicheke.

"Mama amesema," akatamka polepole, "wewe hiki ndicho ulichoagiza. Uji usio na kitu."

Mwikwabe aliacha kutafuna.

Akageuka taratibu. Akaninong'oneza, na minong'ono ya Mwikwabe husikika kijiji cha pili:

"Franki. Ziwa ni mama mkwe."

Mtu asiye wa kwetu anaweza kucheka tu hapa. Ngojeni niwaeleze. Kwetu mkwe hataniwi. Mama mkwe ukimwona njiani unapisha, unainamisha macho. Humtupii neno la mzaha hata la heri, sembuse la shari. Na mimi nilikuwa nimempa meno mawili matatu. Nilikuwa nimemwita jini. Nilikuwa nimemwambia arudi akachemshe chungu, na mama wa watu akarudi akachemsha!

Mara moja tu, Linet alisema. Hakuna kurudia. Nikaona pikipiki ya Stanley ikiingia kwenye lile boma, imefungwa maua.

"Mbona mgeni hanywi?" Mzee Wangwe akauliza.

Nikainua kibuyu. Nikanywa. Nilikunywa wote, wasee, mpaka nikaona kitako cha kibuyu. Nikakiweka chini kwa mikono miwili.

"Ahsante kwa mpishi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

Ikaja, kupitia ukuta wa matete, ile sauti. Nzito, tulivu, haina haraka:

*Mgeni kafika kwangu, ametoka msituni,*
*Amekunywa uji wangu, sasa nimuite nani?*

Ikakoma hapo.

Mistari miwili. Nusu beti.

Mzee Wangwe akacheka kwa kukohoa. "Msishangae, wageni. Huyu mama shuleni kwao Musoma ndiye aliyekuwa akisimamishwa kutoa ngonjera wakija wakubwa. Tangu aolewe huku hajapata wa kujibizana naye. Haya kijana, Linet ametuambia wewe ni fundi wa haya mambo. Mmalizie."

Nyie mnajua shule yangu. Maisha yangu yote nilikuwa nimemalizia nusu beti. Hakuna mtu katika wilaya ya Migori na ya Homa Bay, nasema bila aibu, aliyeweza kumalizia nusu beti kunizidi. Na mistari miwili iliyobaki ilikuwa imeshafika. Kabla sauti yake haijakata ilikuwa imekaa ulimini mwangu, mizani imetimia, vina vimelingana, mizuri kuliko chochote nilichowahi kutunga.

Ulimi uliniwasha kuliko upupu.

Linet alinitazama. Mwikwabe alinitazama. Kuku wa Mwikwabe alinitazama.

Nikafungua mdomo.

Nikaufunga.

"Hujui?" Mzee Wangwe akauliza.

"Najua, mzee."

"Basi toa."

"Mzee, mistari ninayo." Jasho lilinitiririka. "Lakini aliye nyuma ya ukuta ule naomba awe mama mkwe wangu. Mimi simjibu mama mkwe wangu kwa mchezo. Nisameheni. Hii nitaimeza kama nilivyomeza uji."

Hata moto wa jikoni niliusikia ukipasua kuni.

Linet aliinamisha kichwa. Nikasema basi, imekwisha, mshairi aliyeshindwa kujibu. Nyundo imevunjika mpini.

Kisha mama akasema, safari hii bila vina, akimwambia Mzee Wangwe kama mimi sipo:

"Shemeji, leo asubuhi nilipokuwa kwenye uyoga kuna mlevi mmoja alipiga kelele ng'ambo ya maji. Alijiita Nyundo. Simjui, sikumwona uso, na sitaki kumjua. Huyu mgeni wetu anaitwa nani?"

Mzee Wangwe akanitazama. Nikaketi wima.

"Frankline Onyango," nikasema. "Mwana wa Onyango fundi baiskeli, wa Migori. Nimekuja kumwomba Linet."

Jina langu, jina la baba yangu, na kilichonileta.

"Ahaa," sauti ikasema. "Huyu ndiyo kwanza namsikia leo. Mbona mmemwekea uji peke yake? Linet! Mpe kuku."

Nilikula yule kuku huku machozi yananilenga. Mwikwabe alisema ni pilipili. Haikuwa na pilipili.

Jioni Linet alitusindikiza mpaka njia panda. Mwikwabe alitangulia akiinua mawe.

"Enhe," Linet akasema. "Ziwa letu umelionaje?"

"Sikuliona. Kulikuwa na ukungu."

Akasimama. Akanitazama kwa lile jicho lake kali, na likalegea.

"Hilo," akasema, "ndilo shairi lako la kwanza la ukweli."

Stanley alioa Rongo, na hana ubaya wowote, tukikutana tunasalimiana. Mama mkwe aliwataka ng'ombe wake, kila mmoja, hakusamehe hata ndama. Ng'ombe kwanza, ndipo heri. Nilisaga unga mpaka nikakohoa mkate, nikawaleta.

Na tangu siku ile hatujawahi kulitaja lile jambo, mimi na yeye. Hata mara moja. Tunasalimiana kwa mbali, macho chini, "Mama hujambo," "Sijambo baba." Watoto wetu wamekua wakidhani bibi yao na baba yao hawana cha kuongea. Lakini kila nikienda Gwassi, hata leo, kabla ya chakula huletewa kibuyu kidogo cha uji usio na kitu. Nakunywa wote. Nasikia kicheko jikoni.

Sasa Linet ananiambia mjukuu amemnunulia bibi simu kubwa, amemwekea na mtandao, na kwamba mama husoma hivi visa vyangu vyote hapa. Haandiki chochote. Anasoma tu, anacheka ndani ya kifua.

Basi nimefikiri hivi. Mkwe hataniwi uso kwa uso, wala ukuta kwa ukuta. Lakini hapa mtandaoni nani anamwona nani? Hapa ni ukungu mtupu. Mtu husimama ng'ambo, akapaza sauti, akangoja.

Funzo ni lenu, vijana wenye vifua: ukifika mahali usipopajua, taja jina lako la kweli, na ubeti wako mkali kuliko yote ujue wakati wa kuumeza. Mimi niliumeza ule mmoja, ukanipa nyumba.

Na wewe uliye ng'ambo ya maji, uliyeniachia nusu beti tangu tisini na sita, nusu yako hii hapa. Si mimi niliyeiandika. Ni yule mlevi.

*Nimebwaga nyundo yangu, naiacha mlangoni,*
*Niite mwana, mamangu, jina lingine la nini?*